Ombi la Kuitwa Verlyn kwa Sababu za Kiufundi

Chumba cha Mizani,
Ushirika wa Nafaka wa Torvik,
Torvik, North Dakota.
Jumatatu, 9 Novemba

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi,

YAH: KUTHIBITISHWA KWANGU KUWA VERLYN AASGAARD

Kwanza pokea salamu, na pole ya goti. Nasikia limeanza kukubali ngazi za nyumbani ila bado linakataa za kanisani. Sisi huku hatujambo. Mizani haijambo, maghala yamejaa mahindi na soya hadi juu, mimi sijambo, na Verlyn naye hajambo, maana Verlyn ni mimi. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa kuwa wapo wajumbe wapya kwenye Bodi ambao huenda hawanijui, nianze na hali ilivyo. Jina nililobatizwa ni LaVonne Kjelstad. Nilimaliza sekondari hapa hapa Torvik, na miaka mingi baadaye nikaajiriwa kwenye mizani Verlyn Aasgaard alipostaafu na kuanza kuhamia Arizona kila theluji inapoanguka, kama bata. Kazi yangu ni kupima malori ya wakulima yakiingia yamejaa na yakitoka matupu. Yaliyobaki hufanywa na programu ya kompyuta ambayo Verlyn aliiandika mwenyewe, baada ya kujifunza lugha ya programu katika majira ya baridi aliyovunjika mguu akivua samaki barafuni. Programu hiyo huchukua uzito wa kila lori, huuandika kwenye faili, huliweka faili katika folda ya mkulima, kisha humwandikia mkulima barua. Ni programu nzuri na sina ugomvi nayo. Ina kosa moja tu, na kosa lenyewe ni la mstari mmoja.

Mstari huo ndio unaoiambia kompyuta mahali pa kuyapata mafaili. Verlyn angeweza kuiambia, "Anzia hapo ulipo." Hakufanya hivyo. Aliandika njia nzima toka mwanzo hadi mwisho, kama ilivyokuwa kwake siku hiyo. Ukiisoma kwa lugha ya watu inasema hivi: nenda kwenye diski kuu, ingia kwa watumiaji, ingia kwa Verlyn, panda mezani kwa Verlyn, fungua Folda Mpya ya Pili, humo fungua MWISHO, humo fungua MWISHO KABISA, humo fungua MWISHO KABISA HUU NDIO. Mtu mwingine yeyote akiiendesha programu hiyo kwa jina lake mwenyewe, inagonga mlango wa Verlyn, haifunguliwi, nayo inalala hapo hapo kizingitini. Malori yanapanga foleni hadi barabara kuu.

Kwa hiyo tangu niajiriwe nimekuwa nikiingia kwenye kompyuta kwa jina la Verlyn. Sikulalamika, maana watu wa hapa hatulalamiki. Tunasema "si mbaya sana" hata paa likiruka. Lakini mimi ni mtu wa kuandika shajara, kila siku na tarehe yake, na nilipoisoma juma lililopita niliona kwamba jambo hili limekua likanizidi kimo. Naomba kulieleza kwa utaratibu.

1. KUHUSU KUKARIBISHWA. Kila asubuhi, kabla sijavua koti, kompyuta huniambia: "Karibu tena, Verlyn." Kisha hunionyesha picha ya Verlyn mwenyewe, amevaa kofia ya masikio, ameshika samaki mkubwa kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Nilipoomba kuiondoa picha hiyo niweke ya maua, Duane, meneja wetu, alishika kichwa. "LaVonne dada yangu, nakuomba. Hatujui ni nini kimeshikiliwa na huyo samaki." Nikamwambia picha haishikilii kitu. Akajibu, "Ndivyo walivyosema kuhusu ile nguzo ya ghala la zamani." Samaki yuko hadi leo. Folda ya mafaili yote ya ushirika imekaa juu ya jicho lake la kushoto, nami humbonyeza jichoni siku nzima.

2. KUHUSU ASILI YA KOSA. Simlaumu Verlyn peke yake, na ningependa Bodi ilielewe jambo hili vizuri. Sisi watu wa hapa huelekezana kwa vitu ambavyo havipo. Dereva mgeni akiniuliza njia ya kwenda kwa Orrin Vig, namwambia: nenda mpaka ilipokuwa shule, pinda kushoto kwenye ghala jekundu la Gunderson, pita walipokuwa wakikaa akina Schatz, utapaona. Shule ilibomolewa nikiwa mdogo. Ghala la Gunderson liliungua, na hata kabla ya kuungua halikuwa jekundu. Akina Schatz wako Oregon. Dereva mgeni hupotea, nasi humwona mjinga. Sasa kompyuta ndiyo dereva mgeni. Verlyn aliielekeza kama alivyolelewa kuelekeza, yaani kwa kudhani kwamba kila mtu anamjua Verlyn, na kwamba Verlyn atakuwapo daima. Tofauti ni kwamba dereva akipotea atasimama kwenye kituo cha mafuta aulize, na kompyuta haina aibu wala haiulizi.

3. KUHUSU WATU WA KATA YA NORDBY. Katika lugha hiyo ya programu, majina ya folda hutenganishwa kwa mstari mmoja mdogo ulioinama kinyume. Mstari huo una ukorofi wake. Ukifuatwa na n ndogo, programu haioni tena jina la folda. Inadhani imeamriwa kuanza mstari mpya. Ukifuatwa na t ndogo, inadhani imeamriwa kuruka hatua kadhaa mbele. Kwa hiyo wakulima wa Nordby na wa Tollefsrud, majina yao yakiwa yameandikwa kwa herufi ndogo, msimu wa kwanza hawakupata barua hata moja. Mafaili yao yalikuwa yakirushwa hewani. Zipo dawa za kawaida za ugonjwa huo. Dawa ya Verlyn ilikuwa kuweka herufi x mbele ya majina. Tangu hapo barua zao huenda kwa "wakulima wa Xnordby" na "wakulima wa Xtollefsrud". Hakuna aliyesema neno, kwani kumsahihisha mtu aliyekuandikia barua si adabu. Kiangazi kilichopita timu ya mpira ya Nordby ilitokea uwanjani na fulana mpya, na kifuani kila mchezaji alikuwa ameandikwa XNORDBY. Nikamuuliza kocha wao imekuwaje. "Si ndilo jina letu sasa?" akasema. "Ushirika ndio mliobadilisha. Tumeshalizoea. Si baya sana." Ndugu Mwenyekiti, hiyo ni kata nzima. Mimi ni mtu mmoja tu. Nitaponea wapi?

4. KUHUSU JARIBIO LA DUANE. Bodi itakumbuka azimio lake la "kinachofanya kazi kisiguswe". Wajumbe wapya wanastahili kujua lilitoka wapi. Duane, kwa nia njema, aliamua kuihamishia programu kwenye kompyuta yake mwenyewe ili nami nipumzike kuwa Verlyn. Alibadilisha jina kwenye ule mstari na akajisifu mbele yangu, "Umeona? Dakika mbili tu. Watu wanaogopa kompyuta bure." Hakujua kwamba programu ina kawaida ya kufagia kila asubuhi. Kabla haijaanza kazi inafuta kila kitu kilichomo katika folda ambamo yenyewe imesimama, ili kuondoa karatasi za jana. Verlyn alikuwa akiisimamisha kwenye folda ya takataka. Duane aliisimamisha kwenye folda ya picha zake za uwindaji. Ilifagia miaka yote ya kulungu kabla hajameza kahawa aliyokuwa nayo mdomoni. Nilikuwepo. Alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Yule dume wa mtoni. Mwenye pembe kama kiti. Verlyn, ameondoka." Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale. Hata yeye aliyeniajiri, huzuni ilipomshika, aliniita Verlyn. Siku ya pili Bodi ikapitisha azimio.

5. KUHUSU SIMU. Programu huchota jina la mtia sahihi kutoka katika ile ile njia ya faili, kwa hiyo barua zote humalizikia "Wako, Verlyn". Wakulima hupiga simu kumtafuta mwandishi. Orrin Vig, ambaye hupiga kuliko wote, simu yake ya kwanza ilikuwa hivi: "Kaka Verlyn! Mbona sauti nyembamba leo, una mafua?" Nikasema, "Hapana, ni LaVonne." Akasema, "Pole, hayo mafua ya LaVonne yamewashika wengi. Kunywa kitu cha moto. Haya, ngano yangu imesemaje?" Nikamsomea. Siku ile nilinyamaza kwa adabu. Mara ya pili sikuweza kumsahihisha, kwani angejua kwamba mara ya kwanza nilimwacha akosee. Mara ya tatu ningekuwa nimemficha mara mbili. Miaka imepita. Sasa Orrin huniuliza habari za mke wangu, nami hujibu kwamba hajambo, anapenda joto la Arizona. Ni kweli. Huwa namuuliza kwanza.

6. KUHUSU KEKI. Kompyuta huwatumia wafanyakazi wote taarifa ya siku ya kuzaliwa ya kila mtumiaji aliye kazini. Mtumiaji aliye kazini ni Verlyn. Shajara yangu ya tarehe 22 Februari inasema: "Leo nimefikisha miaka sabini na mbili. Wameniletea keki ya chokoleti na mikate myembamba ya lefse. Wameniimbia." Mimi nina hamsini na moja, na nilizaliwa Aprili. Aprili hupita kimya, isipokuwa mama yangu hunipigia. Nilikata kipande cha keki, nikakifunga, nikampelekea Verlyn kwa posta, kwa kuwa ni haki yake. Akanipigia kutoka Arizona: "Keki yangu imekauka, LaVonne. Mwakani waambie waweke krimu." Nikawaambia. Waliweka.

7. KUHUSU KURUDI KWA MWENYEWE. Mwezi wa Mei Verlyn alikuja kutusalimu, mweusi kwa jua na amevaa kaptura. Akataka kukaa kwenye kiti chake cha zamani aone kama programu bado inapumua. Akaandika jina lake. Kompyuta ikamjibu kwamba Verlyn tayari yumo ndani na yuko kazini. Akaandika tena. Ikajibu vile vile. Akanigeukia. "Sasa kama Verlyn yumo ndani," akasema, "mimi ni nani?" Nilikuwa na lori juu ya mizani na Orrin kwenye simu, sikuwa na nafasi ya maswali ya namna hiyo. Nikamwambia, "Kaa hapo pembeni, mzee. Nikimaliza na Orrin nitakusikiliza." Alikaa. Alikunywa kahawa. Baada ya muda akaniuliza kwa upole kama ningemruhusu aone picha ya samaki wake.

8. KUHUSU NGAO, ambayo ndiyo sababu hasa ya barua hii. Yale saba ningeendelea kuyameza.

Mkutano mkuu wa mwaka ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Nimearifiwa kwamba Bodi imenichagua kupewa ngao ya utumishi mwema kwa msimu huu wa mavuno, ambao haukuwa mwepesi. Nashukuru sana. Nilitaka kukataa mara mbili kama inavyopasa, lakini Duane hakunipa nafasi. Juzi aliniletea kielelezo cha ngao ili nikione. Majina ya wanaotunukiwa huchapwa na programu. Yalikuwa yamechorwa kwa herufi nzuri za dhahabu: VERLYN AASGAARD, KWA UAMINIFU WAKE KATIKA MIZANI.

Nilimwambia Duane, "Huyu siye mimi."

Akasema, "Najua, najua. Lakini programu inamjua huyu. Sisi tutapiga makofi tukikutazama wewe."

Ndugu Mwenyekiti, mama yangu ana miaka themanini na sita. Yuko kwenye nyumba ya wazee kule Minot, na tayari wamemnyooshea gauni lake la bluu kwa ajili ya Jumamosi hiyo. Masikio yake hayashiki mengi siku hizi. Mhudumu wake anasema husikia vitu vitatu tu: kengele ya chakula, wimbo wa Krismasi, na jina langu. Mama ndiye aliyenipa jina hilo. Baba alitaka niitwe Gertrude kama shangazi zake wote, mama akakataa. Ananiambia huo ndio ubishi pekee aliowahi kushinda ndani ya nyumba ile. Hajawahi kulisikia likisomwa mbele ya watu, kwani siku ya mahafali yangu dhoruba ya theluji ilifunga barabara. Atakaa mstari wa mbele. Atasikia "Verlyn Aasgaard". Ataniona nikiinuka. Sijui nimweleze nini.

Kwa hiyo nimefikiri, na nimeona zipo njia mbili za kumaliza jambo hili.

Ya kwanza ni kubadilisha ule mstari. Bi. Dufault, yule mtaalamu anayekuja kutoka Fargo kuitazama printa yetu, aliuona mara moja aliposimama nyuma yangu na akacheka hadi akashika meza. "Mama, nani alikwambia uishi hivi? Hapa unaiambia tu iende nyumbani kwa huyo aliyeketi. Ukiketi wewe, kwako. Akiketi Duane, kwa Duane. Na ile folda ya kufagia unaitaja kwa jina ili isifagie kwa watu." Duane akamuuliza, "Na ikikosea?" Akajibu, "Ikikosea itasema imekosea." Duane akatingisha kichwa. "Hapo ndipo ninapoogopa. Kwa sasa haisemi kitu." Basi najua kwamba njia hiyo ni ngumu, inahitaji ujasiri, na inapingana na azimio. Siiombi.

Ninaomba ya pili. Kwa kuwa imeonekana ni rahisi zaidi kumbadilisha mtu kuliko kuubadilisha mstari, naomba Bodi inithibitishe rasmi kuwa Verlyn Aasgaard, pamoja na haki zote zinazoambatana na jina hilo, yaani:

a) Nafasi yake ya kuegesha gari karibu na mlango, ambayo imekaa tupu kwa heshima yake huku mimi nikitembea kwenye theluji.

b) Arizona, kuanzia Januari hadi Aprili. Programu itabaki kazini, imezoea kunikosa.

c) Verlyn wa zamani atafutiwe jina lingine, kwa kuwa mahali pamoja hapawezi kuwa na vitu viwili vyenye jina moja. Napendekeza aitwe Verlyn (2), kama kompyuta yenyewe inavyofanya. Akija Verlyn mwingine toka ukoo wake ataitwa Verlyn (2) Nakala.

d) Kwa kuwa nami sitaishi milele, Bodi izungumze na Mchungaji mapema ili mmoja wa watoto watakaobatizwa mwaka huu aitwe Verlyn na alelewe kwa ajili ya mizani. Wazazi wapewe mbolea kama shukrani. Akikua akitaka kwenda chuo kikuu azuiwe kwa upole, kwa mlo na maneno mazuri. Na katika kila kizazi baada ya hapo afanyiwe mtoto mwingine vivyo hivyo, mpaka mwisho wa dunia au mpaka kompyuta ife, lolote litakalotangulia.

e) Iwapo baadaye itaonekana kwamba samaki naye ana kazi, atafutwe samaki mwingine wa kumrithi.

f) Mwisho, Mwenyekiti mwenyewe, goti likiruhusu, aende Minot kabla ya mkutano. Aketi na mama yangu, anywe kahawa yake, akatae keki mara mbili na aikubali mara ya tatu. Kisha amweleze, kwa sauti kubwa kwenye sikio la kulia, kwamba mwaka ule alipojifungua kwa taabu alimzaa Verlyn, na kwamba ule ubishi mmoja alioushinda umebatilishwa kwa sababu za kiufundi. Mimi nimejaribu kuandaa maneno ya kumwambia na sikuyapata. Naamini Bodi, ambayo ilipata maneno ya kulinda mstari, itayapata na haya.

Natanguliza shukrani na kuomba radhi kwa urefu wa barua. Wasalimie wajumbe wote wa Bodi, walioafiki na walionyamaza. Msalimie mkeo, na umwambie bakuli lake la supu ya knoephla ninalo, nitalirudisha likiwa na kitu ndani. Wasalimie watu wa Nordby, kwa jina lolote wanalopendelea. Msalimie Mchungaji, na goti pia.

Mtumishi wenu kwenye mizani,

LaVonne Kjelstad
(aingiaye kama Verlyn)

Nyongeza baada ya sahihi, Ijumaa, 13 Novemba

Ndugu Mwenyekiti, barua hii haijaondoka bado, kwani theluji ya Jumanne ilimzuia mtu wa posta, na katika kuchelewa huko mambo yamebadilika.

Jumatano Bi. Dufault alifika kwa ajili ya printa. Duane alikuwa porini. Akaniuliza, "Mama, niubadilishe ule mstari?" Nikamwambia asijisumbue. Akaniuliza tena. Nikamwambia amekuja kwa printa, aachane na mambo yangu. Ni mtoto wa huku huku, kwa hiyo aliuliza mara ya tatu, nami nikasema haya, kama huna kazi nyingine. Aliubadilisha na kuyahamishia mafaili kwangu kabla hajamaliza hata kahawa. Nikatoka, nikaingia tena kwa jina langu, na kompyuta ikasema, "Karibu, LaVonne." Naungama kwamba nilivua koti polepole siku hiyo. Programu ilikwenda nyumbani kwangu, ikayakuta mafaili yote, haikufagia chochote cha mtu. Nilimpigia fundi wa ngao na amekubali kuchora upya. Mama yangu nimemwambia aje na miwani pia, ajisomee.

Basi ingekuwa mwisho. Lakini programu, kwa kuwa sasa ni nzima na inasema kila kitu, jana asubuhi iliwatumia wanachama wote taarifa ya makato mapya ya bei kwa nafaka yenye unyevu, yale ambayo Bodi ilipitisha Oktoba. Ilimalizia hivi: "Wako, LaVonne Kjelstad."

Kabla ya saa ya chakula jimbo zima lilikuwa linalijua jina langu. Orrin Vig, ambaye miaka yote hii aliliona ni ugonjwa wa mafua, alipiga simu akalitamka kikamilifu, na la ukoo pia, na akalirudia. "LaVonne Kjelstad! Ndiyo, wewe! Nani amekupa ruhusa ya kugusa mahindi yangu? Mwondoeni kwenye kiti, mrudisheni Verlyn! Verlyn alikuwa mtu wa watu. Nilipolazwa alinipigia kila Jumapili. Alinisomea uzito wa ngano yangu pole pole hadi nikaandika. Huyo ndiye muungwana. Wewe LaVonne hungeweza kumfungia hata kamba ya kiatu!"

Ndugu Mwenyekiti, mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia kila Jumapili. Nilisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Sijawahi kusifiwa namna ile, na naogopa sitasifiwa tena.

Kwa hiyo naomba Bodi isiyafikirie yote niliyoandika hapo juu, ila nafasi ya kuegesha gari. Jina la LaVonne litumike Jumamosi ile ya mkutano mkuu, kuanzia mama yangu atakapoketi hadi atakapomaliza kupiga makofi. Kuanzia Jumatatu inayofuata ule mstari urudishwe kama ulivyokuwa, na Bodi ikazie tena azimio kwamba usiguswe.

Sasa hivi simu inaita. Ni Orrin. Nitamwambia nimerudi.

Wako,

Verlyn